Pini Ilipinda, Haikukatika

Pini ilikuwa imelala juu ya gazeti kuukuu kwenye meza ya Inspekta, imepinda kama kidole kinachomwita mtu aje. Kando yake palikuwa na ulimi, yaani kile kipande bapa cha chuma chenye tundu moja kilichoshika minyororo ya kunyanyulia mizigo. Vitu viwili tu. Na watu wawili tu: mmoja hospitalini, mguu umepondwa na jenereta iliyomwangukia karakanani juzi asubuhi, mwingine mahabusu, ukuta wa pili kutoka mezani hapo. Mkuu wa kituo alimkabidhi Inspekta faili akisema ni kesi nyepesi, ya kumaliza kabla ya chai. Chai ilikuja, ikapoa, ikaletwa nyingine, nayo ikapoa.

"Tuanze upya," alisema Inspekta.

Kituoni walimwita Bi Kwa Nini, nyuma ya mgongo wake na mara nyingine mbele ya uso wake, na jina hilo halikumsumbua. Kilichomsumbua ni hesabu. Tangu shuleni yeye na hesabu walikuwa wakipishana njiani bila kusalimiana, na leo walikuwa wamekalishwa meza moja.

Mhandisi alivua miwani, akaipangusa kwa tai, akaivaa tena. Ndiye aliyevisanifu vifaa vyote vya kunyanyulia vya karakana ile, na alikuwa ameitwa aeleze ilikuwaje kimoja kikaachia mzigo hewani.

"Kiungo cha pini na tundu kina njia tatu za kufa," alisema. "Ya kwanza ni pini kukatwa. Waya wa winchi umeishia kwenye uma. Uma una sahani mbili, moja huku, moja huku. Ulimi unaingia katikati, pini inapita kote kutatu. Uma unavuta juu, ulimi unavuta chini, pini inakatwa kama karoti. Lakini lazima ikatwe pande zote mbili za ulimi kwa wakati mmoja. Tuko pamoja?"

"Mpaka kwenye karoti tuko pamoja."

"Pini ina unene wa milimita ishirini. Chukua eneo la mkato, zidisha kwa mbili kwa sababu ni pande mbili, zidisha kwa nguvu ya chuma chenyewe. Unapata tani kumi na sita."

"Na jenereta ilikuwa tani ngapi?"

"Haifiki mbili."

Inspekta aliandika kumi na sita, akaandika mbili, akazikodolea macho.

"Njia ya pili," Mhandisi aliendelea, "ni ukingo wa tundu kupondeka, pini ikila ukuta wa tundu. Hapo tunahesabu unene wa ulimi mara unene wa pini. Tani nane. Ya tatu ni ulimi kuchanika, kuanzia tundu mpaka pembeni, kama kifungo kinavyochana shati. Tani kumi. Ukitaka kujua nguvu ya kiungo unachukua ndogo kuliko zote. Nane. Mara nne ya mzigo."

"Kwa hiyo hakikuweza kuachia."

"Hakikuweza."

"Na kimeachia."

"Ndiyo maana nasema pini imechezewa." Mhandisi aliinyanyua. "Itazame. Haikukatika. Imepinda, ikavunja kile kipini kidogo kinachoizuia isitoke, ikachomoka yenyewe. Chuma kizima hakipindi hivi. Mtu ameiweka kwenye moto mpaka ikawa nyekundu, akaiacha ipoe taratibu. Ikawa laini. Na tanuri pale karakanani lina mwenyewe."

Mwenye tanuri ndiye aliyekuwa mahabusu.

Koplo, mtu wa tumbo na busara za kustaafu, alikohoa mlangoni. "Afande, mimi sielewi tunachotafuta. Mtu mwenyewe amekiri. Gari la mahakamani linaondoka saa nane. Tuandike jaribio la kuua, twende tukale."

"Amekiri kufunga kiungo, Koplo. Hajakiri kuua."

"Si ni ndugu hao?"

Simu iliita kabla hajapata jibu. Alikuwa msimamizi wa karakana, na alizungumza kwa haraka ya mtu mwenye mkono kwenye mlango. Madaktari wanataka kumpasua majeruhi leo mchana. Wakichelewa zaidi ya leo wataukata mguu. Hospitali inasubiri karakana iseme kama itagharamia. "Na mimi nasubiri wewe," alisema. "Kanuni yetu ni moja. Fundi akifunga, likitokea la kutokea, majeruhi tunamtibu. Mtu akijifungia mwenyewe bila fundi, amejitakia. Sasa nani alifunga?"

"Fundi anasema alifunga yeye."

"Basi niletee maandishi."

Inspekta alirudisha simu mahali pake. Kabla ya saa nane, sentensi moja ya mkono wake ingempeleka mtu jela, na sentensi hiyohiyo ingemwachia mwingine mguu. Aliichukia ile meza.

*

Fundi aliitwa Bisibisi, kwa urefu wake na wembamba wake na kichwa chake bapa kidogo juu. Alikaa chumba cha mahojiano bila mkanda na bila kamba za viatu, magoti yakigusa meza kwa chini.

"Nani alifunga kiungo juzi asubuhi?"

"Mimi."

"Ulifungaje?"

"Kama siku zote. Nimeingiza ulimi kwenye uma, nimepitisha pini, nimeweka kipini cha kuzuia. Nikakipiga kiungo kofi nisikie kama kimekaza, nikasema haya, pandisha."

"Ulimi ulikaaje?"

"Ulikaa vizuri. Umejaa uma wote. Hata karatasi hupitishi pembeni."

"Hiyo pini uliipitisha kwenye moto?"

"Ili iweje?"

"Ili jenereta imwangukie Mnyororo."

Mnyororo ndiye majeruhi, mfunga mizigo wa karakana, mume wa dada yake Bisibisi. Fundi aliposikia jina aliinamisha kichwa.

"Yule ni shemeji yangu, afande."

"Ulisema mbele ya karakana nzima kwamba utamtia adabu."

"Nilisema. Alimtolea dada yangu maneno mabaya, dada akarudi kwangu na nguo zake kwenye mfuko. Nikamwambia shemeji, njoo nyumbani uombe radhi kama mwanamume. Hakuja. Dada akarudi mwenyewe kwake. Basi nikakasirika, nikasema nitamtia adabu. Mtu husema."

"Na tangu hapo?"

"Hatusemeshani."

"Mnafanya kazi chini ya paa moja, kamba moja, mzigo mmoja, hamsemeshani?"

"Tunasemeshana kupitia mlinzi. Mimi namwambia mlinzi, mwambie yule bwana ashushe. Naye anamwambia mlinzi, mwambie yule bwana nimesikia."

Koplo aliyekuwa ukutani alicheka, kisha akakumbuka yuko kazini.

"Asubuhi ile mlimtuma mlinzi?"

"Mlinzi alikuwa hajafika, tulikuwa wawili tu. Nilifunga mimi," alisema, "na mzigo ukaanguka. Nilikuwa kwenye tanuri. Nikakimbia, nikamvuta chini ya jenereta, nikapanda naye gari mpaka hospitali. Hapo ndipo mliponikamata."

"Ulikuwa kwenye tanuri, au ulikuwa unafunga?"

"Nilifunga kwanza, kisha nikaenda kwenye tanuri."

"Kipande chochote ulikiona kikiwa chini?"

"Niangalie vyuma, afande? Mtu analia?"

Inspekta alitoka akiwa amechanganyikiwa kuliko alivyoingia. Alikuwa amewahi kukutana na waongo wa kila aina. Huyu alikuwa anaongopa, hilo halikuwa na shaka, lakini waongo aliowazoea huongopa ili watoke. Huyu kila neno lake lilikuwa linamrudisha ndani.

Kwenye benchi la korido alikuwa amekaa dada yake, mke wa Mnyororo, na vyombo viwili vya chakula mapajani, kimoja cha hospitali na kimoja cha hapa. Alikuwa amekaa hapo jana na leo, akiondoka tu kwenda wodini na kurudi.

"Atapelekwa, mama?" aliuliza.

"Bado sijui. Mumeo ameshaweza kusema?"

"Hajitambui."

Ndivyo alivyomjibu hata Koplo, mara zote alizokwenda hospitali. Inspekta alimshika bega akapita. Alimhurumia. Mwanamke ana kaka jela na mume kitandani, na kila linalomwokoa mmoja linamzamisha mwingine.

*

Simu ya maabara ilikuja na kumwaga maji kwenye tanuri.

"Pini haijachomwa," alisema mtu wa maabara, aliyeipima jana kabla ya kuirudisha kituoni. "Ugumu wake ni uleule kuanzia ncha hadi ncha. Ni chuma cha kawaida, kilivyonunuliwa ndivyo kilivyo."

"Una hakika?"

"Afande, hii ndiyo kazi yangu."

Mhandisi alipoambiwa alikunja uso. Alichukua karatasi yake, akapitia hesabu toka mwanzo, midomo ikicheza. Tani kumi na sita, nane, kumi. Zilikuwa vilevile.

"Maabara wamekosea," alisema.

"Au wewe."

"Hesabu haikosei, Inspekta."

"Sikusema hesabu. Nimesema wewe."

Inspekta sasa alikuwa na pini nzima, hesabu sahihi na mtu aliyekiri, na vitu hivyo vitatu vilikataa kukaa chumba kimoja. Alitamani kesi ya mwizi wa kuku, mtu na manyoya mdomoni.

Kwa kukosa la kufanya alianza kucheza na vile vyuma. Alipitisha pini kwenye tundu la ulimi, ikaingia kwa kukwama kidogo kwa sababu ya kupinda, ikakaa. Akaitazama hivyo, ulimi ukiwa katikati na pini imetokeza pande zote. Mahali ulimi ulipogusa pini palikuwa na mkwaruzo unaong'aa. Hilo alilitarajia. Lakini mbali kabisa, karibu na ncha hii na ncha ile, palikuwa na mikwaruzo mingine miwili.

"Hii ni ya nini?"

"Ni ya sahani za uma," alisema Mhandisi bila kuinua macho. "Kila sahani inaacha alama yake."

"Fundi anasema ulimi ulijaa uma, hata karatasi haipiti."

"Ndivyo inavyotakiwa."

"Basi alama za uma si zingekuwa hapa, zimegusana na ulimi?" Alichukua rula. "Ulimi una milimita kumi. Kati ya alama hizi mbili za uma kuna hamsini. Hapo haipiti karatasi tu, mkono wangu wote unapita."

Mhandisi aliinua macho. Alichukua rula, akapima mwenyewe, akapima tena.

"Haiwezekani. Uma una nafasi ya milimita kumi na mbili."

"Uma upi?"

"Wa winchi namba mbili. Ulimi huu umepigwa chapa ya mbili, ona. Mchoro niliohesabia ni wa..." Aliugeuza ulimi mkononi. "Jenereta ilikuwa inanyanyuliwa na winchi ipi?"

Inspekta alimgeukia Koplo. Koplo ndiye aliyefika wa kwanza, akaokota vyuma, akapiga picha za sakafu, akafunga karakana kwa utepe wa polisi hata Mhandisi asiingie.

"Nimeandika winchi," alisema Koplo. "Kwani ziko ngapi?"

*

Zilikuwa mbili. Kubwa ilikuwa katikati ya karakana, ndogo kando ya ukuta. Inspekta alikuwa amesimama pale juzi, akakagua doa la damu, alama za viatu, mafuta yaliyomwagika, kila kitu kilichokuwa chini. Hakuna polisi hata mmoja aliyeinua shingo. Waya wa winchi kubwa, ulipobaki bila mzigo, ulikuwa umekimbilia juu na uma wake, na huko ulikuwa bado, gizani chini ya bati.

Mlinzi aliwasha umeme. Uma ulishuka ukinguruma mpaka kifuani pa Inspekta. Ulikuwa mpana, sahani zake mbili zimeachana nafasi ya kutosha kuweka kikombe kidogo cha kahawa. Alishika ulimi kutoka kwenye mfuko wa ushahidi akauingiza. Matundu yalilingana. Mhandisi alichukua pini mpya kwenye rafu, ikapita uma, ikapita ulimi, ikapita uma tena, laini bila ubishi. Kisha Inspekta akautikisa ulimi, nao ukaenda kushoto na kulia ukigongagonga, umepwaya kama mguu wa mtoto ndani ya kiatu cha baba.

"Na wa hapa hasa uko wapi?"

Mhandisi alinyoosha kidole ukutani. Kwenye ndoano ya juu ilining'inia minyororo mingine, na juu yake ulimi mwingine wenye chapa ya moja. Huu ulikuwa umeunganishwa sahani nene kila upande wa tundu, mashavu mawili yaliyovimba. Ukiuingiza kwenye uma mpana, mashavu yangejaza nafasi yote. Ulikuwa na vumbi. Haukuwa umeguswa juzi wala siku ya kabla yake.

"Mtu amechukua ulimi wa winchi ndogo akaufunga kwenye kubwa," alisema Inspekta.

Mhandisi hakumsikia. Alikuwa amechuchumaa, ameokota kipande cha boksi, anaandika. Aliandika muda mrefu, na jinsi alivyoandika ndivyo rangi ilivyokuwa inamtoka usoni.

"Shika kijiti kwa mikono miwili iliyokaribiana," alisema hatimaye. "Mtu akikivuta katikati, hakipindi. Anaweza kukikata tu. Sasa panua mikono."

"Kinapinda."

"Nilihesabu kukatwa. Nikahesabu kupondeka na kuchanika. Kupinda sikuhesabu, kwa sababu ulimi ukijaa uma, pini haina nafasi ya kupinda. Kila aliyesoma anaijua hesabu ya kupinda. Mimi pia naijua. Nimeiacha kwa sababu nilidhani najua uma." Alimpa kile kipande cha boksi kana kwamba Inspekta angeweza kukisoma. "Kwa nafasi hii pini ileile ya tani kumi na sita inaanza kupinda kwenye tani mbili. Mzigo ukitikisika kidogo, hata chini ya hapo."

"Na hakuna aliyeona ulimi umepwaya?"

"Fundi angeona. Akipiga kofi lake angesikia. Lakini kwa mwingine yeyote, pini ikiingia kazi imekubali. Ndivyo wanavyojua hapa. Pini imeingia, pandisha."

"Kwa nini pini ya winchi kubwa inaingia kwenye ulimi wa winchi ndogo?"

Lilikuwa swali la kawaida la Bi Kwa Nini, hakulikusudia kumuumiza mtu. Mhandisi alikaa kitako sakafuni na suruali yake safi.

"Kwa sababu nilitaka pini za aina moja," alisema. "Ili wasihangaike kutafuta. Ningetoboa matundu ya unene tofauti, ulimi huu usingefunga kule hata mtu angelazimisha kwa nyundo. Ni mimi, Inspekta. Chukua maelezo yangu upya."

Inspekta alisimama na kile kipande cha boksi mkononi, asijue amkamate au ampe maji. Mwishowe alimpa maji. Mhandisi aliandika maelezo juu ya meza ya fundi, akatia sahihi, kisha akampigia msimamizi mwenyewe. Sauti ya msimamizi ilisikika mpaka kwa mlinzi. Mhandisi aliiacha ipige kelele mpaka ichoke, akasema kiungo kina kosa la usanifu, nani alifunga haina maana tena, polisi wameshaandika, na hospitali inasubiri. Akakata. Baada ya muda mfupi wodi ilimpigia Inspekta kumjulisha kwamba mgonjwa anasukumwa kuingia chumba cha upasuaji.

*

Inspekta alikuwa na tabia moja, kazini ilimpandisha cheo na nyumbani ilimmalizia marafiki. Hakusema anachojua mpaka amalize kuuliza. Aliporudi kituoni hakumwambia mtu neno. Alimtoa Bisibisi, akamwita na dada yake kutoka kwenye benchi, akawakalisha meza moja.

"Ulifunga ulimi upi?" alimuuliza fundi.

"Ule wa winchi kubwa. Wenye mashavu."

"Wenye mashavu uko ukutani na vumbi lake."

Bisibisi alivuta kiti nyuma.

"Umenieleza kiungo kilivyotakiwa kuwa," alisema Inspekta. "Kilivyokuwa hukujua, kwa sababu hukuwepo. Ulikuwa kwenye tanuri. Mnyororo alifunga mwenyewe, akachukua ulimi uliokuwa karibu na mkono wake, pini ikaingia, akaupandisha mzigo mwenyewe. Angekuita uje upige kofi lako, lakini hamsemeshani. Kweli au uongo?"

"Afande, andika mimi."

"Nikiandika wewe unakwenda kwa jaribio la kuua."

"Hayo mmeyaongeza nyinyi! Mimi niliposema nimefunga, nilijua nitaitwa mzembe, nifukuzwe kazi, nikafungue kibanda changu. Nikaja nikaambiwa nimechoma pini, nimepanga kuua. Ningerudi nyuma vipi? Nikisema ni yeye, karakana inamtupa na mguu wake." Aliinamia meza. "Kanuni naijua. Andika mimi, afande, wampasue. Mengine tutaona huko mbele."

"Unamfanyia haya mtu msiyesemeshana naye?"

"Simfanyii yeye," alisema Bisibisi.

Hakumtazama dada yake, lakini dada alikuwa anamtazama. Alikuwa amevishika vyombo vyake kwa nguvu hata mifuniko ikawa inalia.

"Kaka, basi," alisema. "Inatosha." Akamgeukia Inspekta. "Mama, mume wangu anajitambua. Alizinduka jioni ileile ya juzi."

Inspekta aliweka kalamu chini.

"Alinishika mkono akasema, nenda kamwambie polisi nimefunga mwenyewe, kaka yako hayumo. Nikamwambia nyamaza, lala. Jana akaniuliza, umesema? Nikamwambia nimesema, kaka ameshatoka, yuko nyumbani. Akafurahi. Akasema akipona atakuja kuomba radhi."

"Na umekaa kwenye benchi langu jana na leo."

"Nimekaa."

"Kwa nini?"

"Kaka ana miguu yake miwili," alisema dada. Alikuwa halii, alizungumza kama mtu anayesoma kitu alichokikariri. "Nilisema kaka ataingia, atatoka. Watu hutoka jela. Mguu ukikatwa hautoki mwingine. Niliwapima, mama. Niliwapima wote wawili, nikamchagua wa kwangu."

Koplo alitazama dirisha. Bisibisi alikuwa ameweka mikono juu ya meza, viganja vikiwa juu, na alivitazama viganja hivyo kana kwamba kuna mtu aliyeviacha hapo.

Ndipo Inspekta aliposema. Alieleza kuhusu uma na ulimi, na maelezo ya Mhandisi, na simu kwa msimamizi. Alisema hakuna kesi ya kuua, hakuna atakayeulizwa nani alifunga, mgonjwa yuko chumba cha upasuaji sasa hivi na karakana imekubali. Alizungumza haraka. Alitegemea furaha, na alipomaliza hakuna aliyefurahi.

"Tangu saa ngapi?" aliuliza dada.

"Kabla sijaingia humu."

"Ulikuwa unajua mguu umepona na kaka anatoka?"

"Nilikuwa najua."

"Na ukaniacha niseme?"

Inspekta alitafuta jibu. Alikuwa na maelfu ya maswali maishani mwake, lakini majibu aliwaachia wengine siku zote, na sasa alipotakiwa atoe moja hakuwa nalo. Aliona aibu, aibu ya kweli iliyompanda shingoni. Alitaka kusema ndivyo tunavyofanya kazi, badala yake akamtuma Koplo alete vitu vya fundi.

Koplo alileta mkanda na kamba za viatu. Bisibisi alivaa mkanda, akainama kufunga viatu, akavifunga taratibu, kimoja kisha kingine, na dada alisimama juu yake akisubiri, kama mtoto aliyeitwa kuchapwa.

"Kaka. Sema kitu. Nitukane."

Fundi aliinuka, urefu wake wote. Uso wake haukuwa na hasira, na Inspekta angependelea hasira.

"Ungeniambia tu, mdogo wangu," alisema. "Ungekuja pale dirishani ukaniambia, kaka, kaa ndani. Ningekaa."

Dada alijifunika uso kwa mikono yote miwili akalia kwa sauti, mpaka watu wa kaunta wakaja mlangoni. Kaka yake alimsubiri anyamaze, hakumgusa, kisha akamwambia watafute gari waende hospitali.